Kurt Debus, muzungu wa roketi aliyefika mpaka Katanga

Sisi wa sindika ya wafanyakazi wa madini hapa Likasi tunawaletea leo maisha ya Kurt Debus. Vijana wengi hawajue kama roketi zilipanda juu kutoka inchi yetu.

Debus alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1908. Alisoma mambo ya umeme kule Darmstadt. Wakati wa vita ya pili alikuwa memba wa SS, na alifanya kazi Peenemünde, kule walijaribu V-2, roketi kubwa ya kwanza ya vita. V-2 zilianguka London na Antwerpen, bandari yenye ilikuwa inapokea shaba yetu. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu na kuzirusha. Lakini wenye kuzitengeneza walikuwa wafungwa, chini ya udongo, ndani ya mashimo ya Dora. Maelfu walikufa kule. Sisi watu wa mashimo hatuwezi kupita pale bila kusimama kidogo.

Vita ilipoisha, Wamarekani walimpeleka kwao pamoja na Wernher von Braun, juu walihitaji akili yao. Mwaka wa 1953 aliongoza kurushwa kwa Redstone, roketi ya kubeba bomu ya atomiki. Na uranium ya mabomu ya kwanza ya Marekani, nyingi ilitoka Shinkolobwe, hapa pembeni yetu. Kisha Debus akawa mkubwa wa kwanza wa Kennedy Space Center, kule watu walitoka kwenda mwezini mwaka wa 1969. Alienda pansio mwaka wa 1974.

Lakini hakukaa. Alikubali kuongoza baraza la OTRAG, kampuni ya Lutz Kayser wa Ujerumani. Mobutu aliipa kampuni ile karibu kilometa za mraba 100,000 za Shaba, zaidi ya mara tatu ya Ubelgiji, mpaka mwaka wa 2000. Wenyeji hawakupigia jambo lile kura. Kampuni ilisema ni kazi ya satelaiti. Wasovieti na Angola walisema ni silaha. Kusema kweli, roketi ni ile ile: kinachobadilika ni paka mzigo wa juu.

Roketi ya kwanza ilipanda tarehe 17/5/1977, karibu na mto Luvua. Ya pili, tarehe 20/5/1978. Muangalie vizuri: siku moja kabla, basoda wa Ufaransa walishuka na parachuti Kolwezi, juu jeshi letu lilishindwa kulinda mji. Inchi yenye kurusha roketi ilikosa kulinda wachimbaji wake! Ya tatu, mwezi wa sita, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu. Mwaka wa 1979, inchi za nje zilipomsukuma sana, alifukuza kampuni.

Debus alikufa Florida mwaka wa 1983. Shimo moja la mwezini lina jina lake. Wafu wengi wa Dora hawana hata kaburi.

Hatusemi roketi ni mbaya. Kila inchi ina haki ya kujilinda. Lakini leo inchi kubwa zinatafuta kobalti yetu sawa vile zilitafuta uranium na udongo wa Luvua. Mbele ya kusaini, mapatano yasomwe kwa wafanyakazi na wenyeji, mu luga wanayosikia. Ile njo ulinzi wa kwanza.