Vivienne de Watteville: Binti wa mwindaji aliyeachiwa msafara mzima porini

KIGALI. Malori yanayotoka Gatsata, mtaa wa gereji na vipuri kaskazini mwa jiji la Kigali, hupanda milima ya Gicumbi hadi mpaka wa Gatuna na kuingia Uganda. Ukiendelea kaskazini magharibi kupita Kabale, unafika nyika za Ziwa Edward, ambako Uganda inapakana na Kongo. Ni huko, mwishoni mwa Septemba 1924, Vivienne de Watteville, msichana wa miaka 24, alibaki peke yake na msafara wa wapagazi, bunduki na mizigo ya ngozi ambazo hazijakauka.

Vivienne alizaliwa Uingereza mwaka 1900. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake, Bernard de Watteville, alikuwa Mswisi wa ukoo wa kale wa mji wa Bern. Mama alifariki binti akiwa na miaka tisa. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, hivyo alimlea huyo mmoja aliyekuwa naye kama mvulana, akimpeleka milimani na kumzoesha maisha ya kambi. Wakati huo uwindaji wa wanyama wakubwa ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, iwe kwa wazungu au kwa jamii nyingi za ukanda huu.

Mwaka 1923 baba na binti walifika Kenya. Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Bern lilitaka wanyama wa Afrika kwa ajili ya maonyesho, na Bernard alikubali kuwatafuta. Hawakuleta mtaalamu wa ngozi kutoka Ulaya. Baba alifuata wanyama kwa bunduki. Binti akapewa jukumu la ngozi, pamoja na kuwatibu wagonjwa kambini.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Anayechuna mnyama kwa ajili ya nyama hajali sana ngozi ikichanika. Anayechuna kwa ajili ya makumbusho lazima kwanza ampime mnyama, kisha apasue tumboni na upande wa ndani wa miguu ili mshono usionekane baadaye. Midomo, kope na masikio hutolewa taratibu kwa kisu kidogo. Mafuta na mabaki ya nyama hukwanguliwa, chumvi ikasuguliwa kila mahali, na ngozi ikaanikwa kivulini. Ukichelewa saa chache katika joto, manyoya hunyonyoka na mnyama amekufa bure. Ngozi ya tembo ni nzito kiasi kwamba watu kadhaa hukaa nayo siku nzima na zaidi wakiipunguza unene kwa visu, la sivyo chumvi haipenyi.

Katika safari za zama zile jambo hilo lilileta pia mvutano wa imani. Wapagazi Waislamu hawakula nyama ambayo haikuchinjwa kooni, ilhali mkato wa kooni uliharibu ngozi ya kichwa na shingo. Kiongozi wa msafara alilazimika kuamua ni mnyama yupi wa makumbusho na yupi wa sufuria.

Vivienne alijifunza yote hayo kambini, mikono ikiwa na damu na chumvi, akifanya kazi bega kwa bega na wachunaji Waafrika.

Kisha likaja tukio la Ziwa Edward. Bernard alimjeruhi simba, simba akamrukia na kumrarua kwa makucha. Alifika kambini akiwa hai. Binti, ambaye mwenyewe alikuwa akiugua homa, aliyasafisha majeraha kwa dawa alizokuwa nazo. Hazikutosha. Bernard alifariki muda mfupi baadaye, akazikwa huko huko porini.

Wengi wangetarajia binti huyo afungashe na kurudi Ulaya. Lakini wapagazi walihitaji kula, na orodha ya makumbusho ilikuwa haijakamilika. Alishika bunduki ya baba yake, akawinda ili kulisha watu wake, kisha akaongoza msafara. Kwa kibali maalumu cha serikali ya kikoloni ya Uganda, alimpata faru mweupe, mnyama mkubwa aliyekuwa bado amekosekana katika orodha.

Ngozi zilifika Bern. Mwaka 1927 alichapisha kitabu chake cha kwanza, Out in the Blue, kuhusu safari hiyo. Mwaka 1936 wanyama hao waliwekwa katika jengo jipya la makumbusho, nyuma ya vioo, na wako huko hadi leo.

Ila mwenyewe alikuwa amebadilika. Aliporudi Kenya mwaka 1928 hakuja kuwinda. Alipiga kambi karibu na Namanga, katika nchi ya Wamasai, akawa anawafuata tembo ili awapige picha tu. Baadaye aliishi kwa wiki kadhaa katika kibanda kwenye Mlima Kenya. Safari hiyo ilizaa kitabu cha pili, Speak to the Earth, cha mwaka 1935. Aliolewa mwaka 1930 na George Goschen, wakapata watoto wawili. Binti yao alipewa jina la Tana, kama mto wa Kenya. Vivienne alifariki mwaka 1957.

Faru aliyempiga Uganda alikuwa wa aina ya kaskazini. Leo duniani wamebaki majike wawili tu wa aina hiyo, Najin na Fatu, wanaolindwa usiku na mchana katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Rwanda, mwaka 2021, ilileta faru weupe 30 wa aina ya kusini kutoka Afrika Kusini na kuwaachia katika Hifadhi ya Akagera. Mkazi wa Gatsata anayetaka kumwona faru mweupe akiwa hai anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Yule wa Vivienne yuko Bern, amesimama nyuma ya kioo, na ngozi yake haijanyonyoka.