John Howard, Rafiki wa Wafungwa

Wengi wamesikia jina la John Howard likitajwa katika habari za magereza. Wachache wanajua kwamba kazi yake ilianzia nyumbani, kwa wapangaji wa shamba lake mwenyewe.

Howard alizaliwa Uingereza mwaka 1726. Baba yake, mfanyabiashara wa London, alipofariki mwaka 1742 alimwachia mali nyingi. Baada ya tetemeko la ardhi lililoharibu mji wa Lisbon mwaka 1755, kijana huyo alipanda meli kwenda Ureno. Meli ilitekwa na Wafaransa, naye akafungwa pamoja na wenzake huko Brest, wakapata njaa na kiu. Alipoachiliwa hakuwasahau wenzake, bali alihangaika mpaka wakafunguliwa.

Kisha alikaa Cardington, karibu na mji wa Bedford, alikokuwa na shamba. Mwaka 1758 alimwoa Henrietta Leeds. Nyumba za wakulima zilikuwa mbovu na zenye unyevu, na maradhi hayakuwatoka. Howard akawajengea nyumba nzuri, kila moja na bustani yake, akaweka na shule kwa watoto wao. Wapangaji alitaka waende ibadani na waache ulevi. Mama Henrietta naye aliuza vito vyake ili kuwasaidia maskini. Lakini mwaka 1765, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume, alifariki dunia.

Mwaka 1773 Howard aliteuliwa kuwa Sherifu Mkuu wa Bedfordshire. Masherifu wengi walikuwa wakiwaachia wasaidizi habari za magereza. Yeye aliingia gerezani mwenyewe. Huko aliwakuta watu ambao mahakama imekwisha kuwaona hawana hatia, lakini wamerudishwa ndani kwa kukosa ada ya kumlipa bwana jela! Bwana jela hakuwa na mshahara. Riziki yake ilitoka mifukoni mwa wafungwa. Howard aliwaomba mahakimu wamlipe mshahara. Wakamwuliza, ni mkoa gani unaofanya hivyo? Akapanda farasi kwenda kutafuta mfano katika mikoa ya jirani. Mfano hakuupata, bali aliukuta udhalimu ule ule.

Mwaka 1774 alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka huo huo zikapitishwa sheria mbili: moja ya kuwafungua bila ada walioonekana hawana hatia, nyingine ya kulinda afya ya wafungwa. Howard alizichapisha kwa fedha yake akazipeleka katika magereza yote. Hata hivyo hakuridhika. Alirudi tena na tena kuangalia kama zinafuatwa. Mwaka 1777 alitoa kitabu chake juu ya hali ya magereza. Kwa jumla alisafiri zaidi ya maili 40,000, katika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwanawe wa pekee alikua huku baba akiwa safarini mara nyingi, na baadaye alipatwa na ugonjwa wa akili. Hatuna budi kulisema hilo pia, kwa maana watu wema nao wana majonzi yao.

Howard alifariki tarehe 20 Januari 1790 huko Kherson, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, kwa homa iliyosadikiwa kuwa aliipata kwa mgonjwa aliyemtembelea. Hakutaka ukumbusho wo wote. Lakini sanamu yake ndiyo ya kwanza kuwekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, ingawa yeye hakuwa Mwanglikana.

Ndugu zangu, Howard hakuanza na dunia nzima. Alianza na paa la mpangaji wake, kisha mlango wa gereza la mkoa wake. Jambo lililokuwa chini ya mkono wake alikwenda kulitazama kwa macho yake. Katika mtaa wetu pia wamo wajane, wagonjwa na wafungwa. Sadaka tunawatolea, je, tumekwenda kuwaona?