Jaji aliyemkatalia Amin

Haya wadau, leo naomba turudi nyuma kidogo. Ukimtaja Idi Amin kwa vijana wengi, wanakumbuka vita vya Kagera na Wahindi kufukuzwa, basi. Benedicto Kiwanuka hawamjui kabisa. Hata mimi nilimjua ukubwani.

Alizaliwa 1922, pande za Masaka. Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta kijana, akawa askari wa Mwingereza. Baadaye akawa mkalimani mahakamani, na nahisi ndiko alikopata hamu ya sheria. Akasoma Basutoland (Lesotho ya leo), kisha London, akarudi 1956 wakili kamili. 1958 akashika uongozi wa Democratic Party, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa. Aprili chama chake kikashindwa uchaguzi, na Oktoba uhuru ukapokelewa na Obote.

1969 serikali ya Obote ikamtupa ndani. Sasa oneni maajabu: aliyemtoa ni Amin, baada ya kupindua nchi Januari 1971. Juni akampa na Ujaji Mkuu, mzalendo wa kwanza kukalia kiti hicho. Nadhani Amin alipiga hesabu kwamba mtu uliyemtoa jela hawezi kukukatalia kitu. Hesabu ikagoma.

Septemba 1972 Mwingereza mmoja mfanyabiashara, Daniel Stewart, alikuwa ameshikiliwa na wanajeshi. Mawakili wakaenda Mahakama Kuu na ombi la zamani sana, lile wanasheria wanaloliita hebiasi kopasi: mleteni mtu wetu hapa, mseme mmemshika kwa sheria gani. Kiwanuka angeweza kuahirisha kesi, akaumwa, akasafiri. Majaji wanajua njia nyingi za kukwepa. Yeye akaamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata raia yule, aachiwe.

Na wakati wenyewe haukuwa wa mchezo. Wahindi walishapewa siku 90 waondoke, na tarehe 17 wafuasi wa Obote wakavuka kutoka Tanzania kuivamia Uganda, kila mtu akawa anaonekana msaliti. Tarehe 21 watu wa Amin wakaingia Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, wakamchukua.

Nimewahi kubishana na jamaa aliyesema mzee alikufa bure kwa ajili ya mzungu. Mimi nakataa. Swali mezani halikuwa rangi ya Stewart, lilikuwa ni nani kawapa wenye bunduki ruhusa ya kufungia watu. Amin mwenyewe alilielewa vizuri swali hilo, ndo maana hakukata rufaa.

Aliuawa. Mwili haujaonekana mpaka leo, familia haina kaburi la kupalilia.

Wadau wa Masaka na Kampala, wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu siku ile?