Seyyid Baghali wa Mackinnon Road

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akishaipita Mariakani, Samburu na Taru, huuona msikiti kando ya njia, karibu na reli. Humo amezikwa Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi ambaye wengi humwita Pir Padree.

Alikuja na wajenzi wa reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Makuli zaidi ya thelathini elfu waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 walifariki. Nyika ile haina maji, maradhi yalikuwa mengi, na mwaka 1898 simba wa Tsavo waliwala watu kambini. Wengi wa marehemu hao kaburi lao halijulikani lilipo. La Seyyid Baghali linajulikana.

Wazee husimulia kuwa alikuwa na nguvu zisizo za kawaida, na wanyama wakali walimtii. Mashuhuri zaidi ni kisa cha karai. Wenzake walijitwika mchanga vichwani, lakini karai lake, yasemekana, lilielea hewani juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mimi sikuwako, wala sibishani na wasimulizi. Ninalolijua ni kwamba kuli yule, aliyebeba mchanga kwa ujira mdogo, anatajwa kwa heshima mahali palipopewa jina la Mackinnon, tajiri wa Kiskoti aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani hii kabla ya 1895. Wapitao wangapi humkumbuka tajiri huyo?

Madereva wa malori husimama hapo, wakatawadha, wakaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Wengine huingia kaburini wakasoma Fatiha na kutoa sadaka. Wapo wanaoyakemea mazuru, na hofu yao ina msingi, kwani wajinga huweza kumwomba maiti haja zao. Lakini aliyezikwa huombewa, haombwi. Na abiria anayemwomba Mola wake amfikishe salama katika njia ile yenye ajali nyingi hana kosa.

Garimoshi la abiria la reli ya zamani lilikoma mwaka 2017, ilipofunguliwa reli mpya. Waliobaki kusimama kwa Seyyid ni watu wa barabarani.