Dakta Kandt na Nyumba ya Kigali

Katika milima ya kusini-magharibi ya Rwanda, si mbali na mpaka wa Kongo, iko misheni ya Mibirizi iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903. Wengi huijua kwa kahawa, maana hapo ndipo miche ya kwanza ya zao hilo ilipopandwa nchini, na aina moja ya mbuni ingali ikiitwa Mibirizi hata leo. Lakini kabla mapadri hawajafika, mgeni mwingine alikuwa amekwisha kupiga kambi katika nchi hiyo hiyo ya Cyangugu, kando ya Ziwa Kivu, mahali paitwapo Shangi. Mgeni huyo ni Dakta Richard Kandt, ambaye nyumba yake ya baadaye, iliyoko Kigali, inatunzwa na Serikali kama makumbusho.

Kandt alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Posen, ambao siku hizi umo nchini Poland. Alisomea udaktari, akafanya kazi ya kutibu wagonjwa wa akili, kisha akaiacha ili atafute chanzo cha mto Nile. Mwaka 1897 alianza safari kutoka pwani, akiongozana na wapagazi na askari wachache. Mwaka uliofuata alifika msitu wa Nyungwe, akaifuata Rukarara hadi chemchemi yake, akatangaza kwamba mto huo mdogo, ambao maji yake huingia Nyabarongo na Kagera, ndio mwanzo wa Nile.

Katika safari hiyo alifika pia kwenye baraza la kifalme. Mfalme Yuhi Musinga alikuwa bado kijana mdogo, na wakuu wake hawakutaka mgeni amwone. Walimtoa mtu mwingine, mtu mzima, wakamketisha mbele ya Kandt kama kwamba ndiye mfalme. Askari ye yote ataielewa hekima hiyo: nchi isiyojua nia ya mgeni haimwonyeshi mara moja mahali penye roho yake.

Wakuu hao walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1896, pale pale Shangi, jeshi la Rwanda liliishambulia kambi ya askari wa Dola ya Kongo waliokuwa chini ya maofisa wa Kibelgiji. Mikuki na pinde zilikabiliana na bunduki, na mashujaa wengi wakaanguka. Mwaka huo huo pigano la Rucunshu lilimwondoa Mfalme Rutarindwa, na Musinga akatawazwa. Kandt alipojenga makao yake Shangi mwaka 1899, aliyaita kwa Kijerumani Bergfrieden, yaani Amani ya Mlimani. Jina hilo zuri liliwekwa juu ya ardhi iliyokuwa imenyweshwa damu miaka mitatu tu iliyotangulia. Ujerumani nayo iliweka askari kando ya ziwa, na ugomvi wa mpaka na Wabelgiji haukumalizika hadi mapatano ya Brussels ya mwaka 1910.

Mwaka 1907 Kandt aliteuliwa kuwa Mwakilishi Mkaazi wa Serikali ya Kijerumani nchini Rwanda. Hakuchagua Nyanza penye baraza la mfalme, wala kituo cho chote cha mpakani. Alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, akajenga hapo nyumba inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mtindo wa kisasa katika Kigali. Wafanya biashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili wakaja kufungua maduka, na Kiswahili kikawa lugha ya ofisi na ya soko. Hivyo ndivyo mji ulivyoanza.

Utawala huo haukuwa wa upole tu. Wajerumani walikuwa wachache mno, nao walitawala kwa kuegemea baraza la mfalme. Mahali palipotokea uasi, bunduki ilisema. Mwaka 1912, Luteni Gudowius alipokuwa akikaimu nafasi ya Kandt, maasi ya Ndungutse huko kaskazini yalizimwa kwa risasi na kwa kuchoma makazi ya raia. Kandt aliandika vitabu na kukusanya wanyama kwa ajili ya elimu, hata kima mmoja wa milimani anaitwa kwa jina lake. Hata hivyo ofisi aliyoianzisha ilikuwa ofisi ya ukoloni.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Kandt alikuwa likizoni Ujerumani, na hakuiona tena Rwanda. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigali. Yeye alitumika kama daktari wa jeshi, akadhurika kwa hewa ya sumu, akafariki katika mji wa Nürnberg tarehe 29 Aprili 1918, akiwa na umri wa miaka 50. Chini ya Wabelgiji, Kigali ulibaki mji mdogo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 ndipo ulipofanywa makao makuu ya Taifa.

Nyumba ile ilifanywa makumbusho ya viumbe, na tangu mwaka 2017 inaitwa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt, ikionyesha pia historia ya utawala wa Kijerumani. Wako wanaouliza kwa nini Taifa huru litumie fedha kutunza paa la mtawala wa kigeni. Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba nyumba hiyo ni shahidi, na shahidi hauawi kwa sababu ushahidi wake unauma. Ikibomolewa, kijana wa kesho ataambiwa habari za ukoloni kwa maneno matupu. Ikisimama, ataona kwa macho yake jinsi mtu mmoja mwenye karatasi za Serikali ya mbali alivyoketi juu ya kilima na kuamua mambo ya watu ambao hawakumwita.

Askari na polisi hulinda majengo mengi usiku na mchana bila kuelezwa thamani yake. Anayepewa lindo kwenye nyumba kama hiyo ajue kwamba analinda kumbukumbu ya wote: ya Kandt aliyejenga, na ya wale walioanguka Shangi, ambao hawakuachiwa nyumba yo yote ya kuwataja.