Martin Luther, mpatanishi wa familia hadi siku ya mwisho

Kila mwaka, tarehe 31 Oktoba, makanisa yetu humkumbuka Martin Luther kwa sababu ya yale aliyoyaandika Wittenberg mwaka 1517. Leo tunapenda kumtazama nyumbani kwake, kama mwana, ndugu na mume. Wapendwa, tunajua jinsi familia nyingi za waamini zinavyovunjika mara tu kilio kinapokwisha: ndugu wanagombania shamba, mjane anatolewa nyumbani, watoto wanagawanywa. Luther aliyajua mambo hayo.

Alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483, akakulia Mansfeld, nchi ya migodi. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa kuyeyusha shaba. Alijinyima ili Martin asome sheria na kuisaidia familia. Lakini mwaka 1505, baada ya kuponea chupuchupu radi njiani, Martin aliweka nadhiri na kuingia utawani bila ruhusa ya baba. Hans alikasirika sana. Kisha tauni ikaua wana wake wawili, na katika msiba huo moyo wake ulilegea, akamruhusu Martin, ingawa kwa shingo upande. Mwaka 1507 alihudhuria misa ya kwanza ya mwanawe, lakini pale mezani, mbele ya wageni, akamkumbusha amri ya kuwaheshimu wazazi.

Neno hilo lilimchoma Luther kwa miaka mingi. Mwaka 1521 alipoandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, alikitanguliza kwa barua kwa baba yake, akikubali mbele ya watu wote kwamba alikuwa amemkosea. Alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wazazi wake walikuja kwenye karamu. Hans alipougua mwaka 1530, mwanawe alimwandikia barua ya faraja na kutamani aletwe Wittenberg atunzwe huko. Mzee hakuweza kusafiri, akafariki mwaka huohuo. Luther alipopata habari alilia sana. Lakini hakubaki na deni la ugomvi: yeye na baba yake walikuwa wamekwisha kupatana.

Mwaka uliofuata mama naye alifariki. Mwaka 1534 Luther na ndugu zake waliandikiana mapatano juu ya mali ya wazazi. Jacob, ndugu yake aliyebaki Mansfeld, alichukua mali hiyo na kuwalipa wengine mafungu yao, wakiwemo watoto wa dada waliokuwa wamekwisha kufa. Hata yatima walihesabiwa.

Luther aliwaza pia juu ya mke wake. Sheria ya Saxony ilimwachia mjane kitu kidogo tu na kumweka chini ya walinzi. Kwa hiyo mwaka 1542 aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, akamfanya Katharina kuwa mrithi, kwa kuwa alimwamini kuliko mlinzi yeyote wa watoto wao.

Januari 1546, akiwa mzee na mgonjwa, aliondoka tena Wittenberg wakati wa baridi kali. Watawala wa Mansfeld, watu wa ukoo mmoja, walikuwa wakigombana kwa muda mrefu juu ya migodi na mamlaka waliyorithi. Mafuriko yalimzuia njiani kwa siku kadhaa. Alipofika Eisleben alikaa nao karibu majuma matatu, akihubiri na kushauriana, hata alipochoshwa na ubishi wa wanasheria. Tarehe 16 na 17 Februari mapatano yakatiwa sahihi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 akafariki, katika mji uleule alimozaliwa.

Hata hivyo, shida haikukosa nyumbani kwake. Gregor Brück, mshauri mkuu wa mtawala, alitaka watoto waondolewe mikononi mwa mama yao. Walinzi waliwekwa, lakini mtawala Johann Friedrich aliuthibitisha ule wosia, na Katharina akabaki na watoto wake.

Ndugu zetu, tunayaona mambo matatu. Tuombane msamaha wazee wakiwa bado hai, maana kaburi halijibu. Tuyaandike mapenzi yetu, na mjane na yatima watajwe kwa majina, ili asiwepo wa kuwafukuza. Na wachungaji na wazee wa kanisa wasikimbie baraza la familia kwa kudhani si kazi ya Injili. Luther alitumia nguvu zake za mwisho kuwaketisha watu wa ukoo mmoja meza moja. Katika sharika zetu pia, wapo ndugu ambao hawajasalimiana tangu siku ya maziko. Tuwaendee juma hili.