Hagedorn, daktari aliyeifanya insulini idumu mwilini

Ukiitazama chupa ya insulini yenye rangi ya maziwa, huenda ukaona herufi tatu: NPH. Herufi ya mwisho ni jina la mtu, Hans Christian Hagedorn, daktari wa Denmark. Ukiyajua maisha yake utaelewa kwa nini unaambiwa uiviringishe chupa hiyo kabla ya kujichoma sindano.

Hagedorn alizaliwa Copenhagen mwaka 1888. Akiwa daktari kijana, alishirikiana na mfamasia Norman Jensen kubuni njia ya kupima sukari kwa damu kidogo tu.

Mwaka 1922 Profesa August Krogh, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alisafiri kwenda Amerika Kaskazini na mkewe Marie. Marie, naye daktari, alikuwa na kisukari, na Hagedorn ndiye aliyekuwa akimtibu. Wakati huo insulini ilikuwa imeanza kuokoa wagonjwa huko Toronto, Kanada. Krogh alirudi na ruhusa ya kuitengeneza Denmark, na mwaka 1923 yeye na Hagedorn walianzisha maabara ya Nordisk.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini tatizo lilibaki. Insulini imejengwa na asidi amino 51 zilizoungana. Ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage, ndiyo maana hudungwa. Na insulini ya siku zile ilikuwa angavu kama maji, ikiisha nguvu baada ya saa chache. Mgonjwa alijidunga mara kadhaa kwa siku, na usiku sukari ilipanda akiwa amelala.

Hagedorn aliona kuwa dawa ni nzuri, ila inahitaji kitu cha kuibeba na kuiachia polepole. Alikipata kwa samaki. Katika mbegu za samaki dume aina ya trauti mna protini iitwayo protamini. Ikichanganywa na insulini, hufanya chembechembe zisizoyeyuka haraka. Zikiwa chini ya ngozi, mwili huziyeyusha kidogo kidogo. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1936. Mwaka 1946 maabara yake ilipata aina bora zaidi, ambayo ndiyo NPH. Hagedorn alifariki mwaka 1971, lakini dawa hiyo bado inatumika duniani kote.

Safari ya kutafuta mbebaji bora haijaisha. Leo watafiti wanajaribu hata chembe za silikoni zenye vitundu vidogo mno, ambamo dawa za jamii ya insulini hufichwa na kutoka taratibu huku chembe zenyewe zikiyeyuka.

Sasa turudi kwenye chupa yako. Ule weupe ndio mzigo na mbebaji wake. Chupa ikitulia, chembe hutuama chini. Ukivuta bila kuchanganya, leo utapata dawa kidogo na sukari itapanda. Kesho utapata nyingi, sukari ishuke ghafla, pengine usiku ukiwa usingizini. Hilo ni hatari kwa maisha.

Kwa hiyo iviringishe taratibu kati ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10, hadi iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu. Ikibaki na mabonge, au chembe zimeganda kwenye kioo, usiitumie. Usiiweke kwenye friza, kwani ikiganda imeharibika. Kama huna friji, chungu chenye maji mahali penye kivuli husaidia kuipoza, ilimradi chupa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Na usibadilishe kipimo au aina ya insulini bila kuzungumza na daktari wako. Insulini angavu na hii nyeupe hazifanyi kazi kwa kasi moja, hata kama chupa zinafanana.